Medicare: usingoje mwezi wa kutimiza miaka 65

Wewe unayekaribia miaka 65 hapa Marekani, au unayemshughulikia mzazi wa umri huo, shika hili kwanza: mwezi unaojiandikisha Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ndio unaoamua Sehemu B yake, ile inayolipia daktari na matibabu ya bila kulazwa, ianze lini.

Dirisha la kwanza lina miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa Agosti 20 hufunguliwa Mei 1 na kufungiwa Novemba 30. Akijiandikisha Mei, Juni au Julai, bima inaanza Agosti 1. Akingoja Agosti, anaanza Septemba 1. Akienda Novemba, Desemba 1. Aliyezaliwa tarehe 1 huhesabiwa na mwezi uliotangulia.

Dirisha likikupita na huna bima ya kazini, unangoja Januari 1 hadi Machi 31. Tangu 2023 bima huanza mwezi unaofuata. Zamani ulikaa hadi Julai. Lakini faini ipo palepale: malipo yako ya kila mwezi ya Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na utailipa kwa muda wote utakaokuwa na Sehemu B.

Ukiwa bado kazini, au mwenzi wako, na mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, unaweza kuahirisha bila faini. Kazi au bima yake ikiisha, chochote kitakachotangulia, una miezi 8 ya kujiandikisha. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu analipia kila mwezi COBRA, yaani bima ya kazi aliyoiacha anayoiendeleza kwa fedha zake, anajiona ana bima, kumbe miezi 8 inayoyoma, kwa sababu COBRA haihesabiwi kama bima ya mtu aliye kazini. Tena, kabla hujaaga kazini, hakikisha mwajiri amekujazia na kusaini fomu ya CMS-L564, inayothibitisha bima yako ya kazini. Kumtafuta meneja aliyekwisha kuhama ni kazi nzito.

Mzazi aliyekuja juzi ana njia yake. Sehemu A ya bure, ile inayolipia kulazwa hospitalini, hudai takriban miaka 10 ya kazi yenye makato ya Medicare, yake au ya mwenzi wake. Ya mtoto haimsaidii. Asipokuwa nayo, awe mkazi wa kudumu aliyeishi hapa miaka 5 mfululizo, ndipo anaweza kununua.

Siku ya kwenda kujiandikisha katika ofisi ya Social Security, usimbebeshe mjukuu kazi ya kutafsiri. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure.