Nyumba ya nyasi miaka 500, inawezekanaje?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi nipo Warwickshire, Uingereza, huku vijijini kuna vile vinyumba vya mbao nyeusi na paa la nyasi, jirani ananiambia kimoja kina miaka 500. Nikamsimulia mama kwa simu akacheka sana, makuti ya bibi si yalikuwa yanabadilishwa kila baada ya miaka michache? Na eti kupiga plasta ya simenti ni kosa, kwa nini?

JIBU: Mama asicheke sana maana ukuta wenyewe anaujua vizuri tu, ni fito zimesukwa katikati ya nguzo halafu zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, juu yake chokaa. Kazi kubwa ipo kwenye fremu. Ni mti wa mwaloni na mafundi walikuwa wanauchonga ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu balaa. Wanachonga ulimi huku na tundu kule, wanaingiza, wanapigilia kigingi cha mbao, misumari hamna, basi mbao zikikauka zinajikunja na zinabanana zaidi ndo maana unaziona nyumba zimepinda upande upande na hazianguki. Huo weusi nao mara nyingi ni fasheni ya karne ya 19 tu, zamani wengi waliziacha na rangi yake au wakapaka chokaa.

Sasa paa. Hapo jirani kakuchanganya kidogo, chenye miaka 500 ni fremu, sio nyasi za juu. Matete yakiezekwa vizuri yanafika miaka 40 hata zaidi, mabua ya ngano pungufu ya hapo, na paa linainuliwa sana, karibu digrii 50, maji yanateleza kabla hayajazama. Yakichoka wanaongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani, na huko Devon zipo nyumba ambazo nyasi za chini kabisa bado zina masizi ya moto wa enzi za kati, kabla hawajajenga dohani!

Simenti inafungia unyevu ndani, mwaloni unaoza kimyakimya wewe unaona ukuta unang'aa tu. Chokaa inauachia utoke.

Adui mwingine moto. London ilipiga marufuku kuezeka nyasi tangu 1212, na hapo kwenu Shottery ile nyumba ya Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, iliungua vibaya 1969 ikakarabatiwa. Kwa hiyo ukitaka kupanga kimojawapo, muulize mwenye nyumba dohani ilisafishwa lini.