Unahamia Tunduma na unatafuta mtu wa "bila ahadi"? Soma hapa kwanza

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu. Unahamishiwa Tunduma kikazi, huna mke, na unataka kujua kama mtu mzima anaweza kupata huko mwenzake wa kuondoleana upweke bila kupelekana kwa wazazi. Pili, mji usijue. Tatu, mkiachana mtakwepana vipi. La kwanza ndiyo, tena upesi. La pili sahau. La tatu nitalifikia.

Mimi ni mama wa miaka 43, nimeachika, nauza mchele wa jumla. Kwetu ni Rungwe, Tunduma niliingia 2014. Wateja wangu wengi ni wa Nakonde, mji wa ng'ambo ya mpaka, na kutoka dukani kwangu hadi Zambia ni kukwepa bodaboda mbili na lori moja, umefika. Mchele unaoitwa wa Nakonde huko Lusaka, mwingine umetoka Kyela ukapita kwenye mizani yangu.

Kila mgeni anadhani mpaka ni pazia. Anasema, nitapata mtu huku, tutakwenda kukaa ng'ambo, nani atatuona? Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hii, lakini shangazi hawakumgawa. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na yule dada anayekufungulia bia Nakonde anaweza kuwa mtoto wa dada wa mwenye nyumba wako. Kiswahili nacho hakikufichi kule. Wanakisikia, hata yule anayekujibu kwa Kibemba.

Halafu kuna saa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na wao wanahesabu kizungu. Mara ya kwanza kutoka na mtu wa kule aliniambia "eight", nikatafsiri haraka haraka, saa mbili usiku, nikajipamba. Nilikaa na soda moja saa nzima, wahudumu wananionea huruma, kumbe saa mbili yake ni saa tatu yangu. Simu nazo zikikamata mtandao wa ng'ambo zinajirudisha nyuma zenyewe. Jirani yangu mmoja alimwambia mkewe ameshinda Vwawa, huku huku Tanzania, akaweka simu mezani, na simu bado imeng'ang'ania mtandao wa Zambia. Mke akatazama saa ya ukutani, akatazama simu. Hakuuliza kitu. Alihamia kwao wiki mbili.

Mimi sikuumbuliwa na saa, niliumbuliwa na salamu. Kwa Kibemba mtu mzima anasalimiwa kwa wingi, "muli shani", hata akiwa peke yake. Ile ya umoja, "uli shani", ni ya mtoto, au rika lako, au mtu wa ndani kabisa. Bwana niliyekuwa naye, wa ng'ambo, alikuwa ananiambia muli shani miezi yote ya biashara. Asubuhi moja akapita dukani, kichwa chake kiko kwenye makaratasi ya forodha, akasema "uli shani". Wauza ndizi watatu waliinua vichwa kwa pamoja. Kufikia saa sita mchana hata wabadilisha kwacha walikuwa wanajua nimelala wapi.

Ilikuwa mwaka 2019, ule mwaka uliozinduliwa kituo cha pamoja cha forodha. Yeye ajenti, mgane, mtu mpole. Kiswahili chake cha sokoni, Kiingereza changu cha namba na bei, Kibemba changu cha kuombea chenji. Jumamosi anavuka na samaki, mimi napika, tunacheka. Kichwani mwangu sisi tulikuwa watu wazima wawili tunaopeana joto, basi. Kichwani mwangu. Sikuwahi kulitamka kwa lugha yoyote.

Mei 2020 Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona. Tukawa watu wa simu. Siku moja akaniambia, "Mama anataka kuleta insalamu." Nikaona mama mwenye adabu, ananikumbuka na maradhi yote haya. Nikamjibu, "Zije tu, nitazipokea kwa mikono miwili." Akanyamaza kidogo, akasema asante mara mbili. Ile ya pili ingenishtua, haikunishtua.

Mambo yalipolegea, Jumapili moja akaja mzee mwenye suti ya kahawia nyumbani kwa mama mdogo. Mimi niko dukani. Mkononi ana sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, zimefungwa kitambaa cheupe, ndani yake noti za kwacha. Anasema ameleta insalamu. Mama mdogo ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Kibemba hajui hata cha kuombea maji. Akasikia salamu. Akapokea, akapiga magoti, akachinja kuku, akasema, "Tumezipokea, nao wasalimieni sana." Niliporudi nilimkuta mzee anamalizia paja, na jirani yetu Mnyamwanga yuko mlangoni anapiga vigelegele.

Ni jirani huyo aliyetueleza. Insalamu ni hatua ya kwanza ya posa. Mzee yule ni shibukombe, mshenga. Ukipokea umekubali, na ukirudisha sahani umekataa. Tena tulikuwa tumeshamlisha kuku.

Nilirudisha. Ilinibidi nitafute mtu mzima wa kuvuka na sahani zilezile na pesa zilezile, na maneno ya kuomba radhi kwa mama yake, ambaye alishawaambia wenzake kanisani. Jioni yake bwana akaja, akakaa kwenye kiti anachokaa Jumamosi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote: "Ulisema zije."

Ni kweli, nilisema. Miezi saba mimi nahesabu Jumamosi, yeye anahesabu siku za kuoa, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kwa hiyo kabla hujauliza gesti gani ina mlango wa nyuma, jifunze sentensi hii: nshilefwaya icupo. Sitaki ndoa. Iseme wiki ya kwanza, mchana, hamjanywa. Iseme kwa lugha yake hata kama unaikosea, kwa sababu "tuwe marafiki tu" ya Kiswahili ikifika ng'ambo kila mtu anaijaza anavyotaka. Kisha subiri jibu. Kucheka si jibu, na kunyamaza huko ndiko kulikoniponza. Akisema yeye anataka ndoa, mnunulie soda, mwachane hapohapo.

Na tafuta wa rika lako, mwenye mlango wake mwenyewe. Binti anayekaa kwa wazazi hata akikubali masharti yako, wazazi hawajayakubali. Akishika mimba Nakonde utadaiwa wanachokiita dameji, yaani fidia, na mahakama zao za mtaa zinasikiliza kesi hizo. Hapo utajua Kibemba chote kwa siku moja.

Kuhusu afya sitakuhubiria. Ni mji wa malori, watu wanalala hapa usiku mmoja na kuendelea. Mkapime wote wawili kabla, kondomu kila mara, na ikitokea imepasuka nenda kituo cha afya ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, uulize dawa za kuzuia maambukizi. Usione haya, wauguzi wa mpakani wameshasikia yote. Mimi na yeye tulipima, ndilo jambo pekee tulilozungumza wazi, tena kwa sababu fomu zilikuwa mbele yetu.

Sasa lile la tatu. Hamtakwepana. Soko ni moja, barabara ni moja, foleni ni moja. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiona kofia yake najifanya natafuta kitu chini ya kaunta. Alioa baadaye, mama mmoja mzuri wa Isoka, na mchele wa nyumbani kwake bado anachukua kwangu, gunia moja kila mwezi. Anafika, anavua kofia, ananiambia muli shani.