Mhandisi wa wiki mbili, bomba la miaka ishirini

Kamwene wasomaji wa Iringa na Njombe, na ndaga kwa wale wa Rungwe na Kyela. Tangu nigusie hapa habari za wahandisi wa kujitolea wanaotoka ng'ambo kuja kujenga maji na vyoo vijijini kwetu, maswali yamenyesha kama mvua ya Tukuyu. Mimi ni fundi sanifu wa maji, kazi hii nimeifanya miaka 25, na wageni wa aina hiyo nimefanya nao kazi mara kadhaa. Wengine wazuri sana. Wengine, Mungu anajua. Nimechukua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

Wageni walipokuja kujitambulisha, nusu yao walikuwa vijana wa chuo. Hawa ni wahandisi kweli au wanakuja kujifunzia kwetu? (Mwenyekiti wa kijiji, Kilolo)

Yote mawili, Mwenyekiti, na hilo peke yake si kosa. Ufaransa walianza shirika la namna hii mwaka 1982. La Marekani, Engineers Without Borders, lilianzishwa mwaka 2002 na profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado. Miaka miwili kabla yake alikuwa amealikwa kijiji cha San Pablo, nchini Belize, akakuta watoto wanashinda wakibeba maji badala ya kwenda shule, akarudi na wanafunzi wake kujenga. Wanafunzi wamo tangu siku ya kwanza. Utaratibu wao ni kwamba mwanafunzi anachora, mhandisi mzoefu anapitia, na shirika linaahidi kuwa na kijiji kwa miaka isiyopungua mitano.

Kwa hiyo usiulize umri. Uliza jina la anayetia saini kwenye mchoro na usajili wake. Kwa sheria yetu ya mwaka 1997, kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni kosa, na mgeni naye ana usajili wake wa muda. Kisha uliza barua ya RUWASA wilaya, yaani wakala wa serikali wa maji vijijini, na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Ninyi wa Kilolo mko Bonde la Rufiji, ofisi yao iko Iringa mjini. Mgeni akikwambia "hayo tutayashughulikia baadaye", mkaribishe chai, lakini chanzo asikiguse.

Wamekuja wiki mbili, wanapita milimani na vifaa vyao, wanaandika, wameondoka. Hakuna hata tofali moja. Watu wanasema tumedanganywa. (Mjumbe wa kamati ya maji, Makete)

Ndugu yangu, hao ndio wa kuwashika mkono. Ogopeni wanaoshuka na simenti kwenye gari siku ya kwanza.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, nenda kwenye chemchemi yenu. Tuseme mwezi Aprili ndoo inajaa kwa sekunde 25. Hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, lita 69,120 kwa siku. Serikali inapanga lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo unaona maji ya watu zaidi ya 2,700 na unafurahi. Sasa rudi hapo hapo mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Ndoo inajaa kwa sekunde 80. Ni lita 21,600 kwa siku, watu 864. Aliyepima Aprili peke yake atawajengea mradi mzuri utakaokauka kila mwaka wakati ule ule mnaouhitaji zaidi. Nimeona binti mmoja mgeni akiwa na kifaa cha gharama kubwa mkononi, bibi mmoja wa pale akamwambia kwa Kikinga, mkalimani akatafsiri: "Mwaka ule wa njaa maji haya yalibaki kama mkojo wa mbuzi." Yule binti aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari. Nikajua tumepata mhandisi.

Jambo la pili wanalopima ni miinuko. Maji yetu ya mserereko hayahitaji umeme wala dizeli, mlima wenyewe ndio mashine. Lakini mlima huo huo unapasua bomba. Kila mita 10 maji yanaposhuka, presha inaongezeka kwa takribani baa moja. Bomba jeusi la plastiki lililoandikwa PN 10 linabeba baa 10, maana yake mita 100 za mteremko. Makete mita 100 ni kutoka kanisani hadi mtoni! Ndiyo maana njiani hujengwa matanki madogo ya kukata presha, maji yanatua, yanapumua, yanaanza upya. Tanki likiwekwa mita 30 chini kuliko inavyotakiwa, mtakuwa mnaunganisha bomba kila masika.

Waambieni wananchi: wiki mbili za kupima si udanganyifu. Ila mwambieni na mgeni aache nakala ya vipimo, kwa Kiswahili, kabla ya kuondoka. Wengi husahau hilo, na hawasahau kwa ubaya.

Kwa nini sisi tuchimbe mitaro bure wakati mfadhili ana fedha? (Msomaji, Ludewa)

Kwa sababu mtaro ndio mahali pa kijiji kuweka mkono wake. Huu si utaratibu mpya. Miaka ya 1980, Denmark ilipotusaidia miradi ya maji Iringa, Mbeya na Ruvuma, jembe na sururu vilikuwa vya wananchi. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni mgawo. Mita za mtaro zigawiwe kwa kaya, na mjane mwenye wagonjwa ndani apewe kupika uji, asipewe mwamba. Na kina kiwe kile kilichoandikwa, karibu mita moja. Nimekuta mitaro mirefu penye kamera na mifupi kama tuta la viazi nyuma ya kilima. Jembe la mkulima likapita, bomba likakatika, lawama zikapelekwa ng'ambo.

Bomba letu lilijengwa na wageni miaka minane iliyopita. Sasa gati (kituo cha kuchotea maji) la juu linatoa maji, la chini linatoa hewa tu, linakohoa. Fundi hajui bomba limepita wapi. (Mama wa kamati, Wanging'ombe)

Mama, pole. Wanging'ombe mna mradi wa mserereko uliojengwa kwa msaada wa UNICEF tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mmojawapo wa ile mikubwa nchini, kwa hiyo mafundi wazee wa kuulizwa hamjakosa. Kukohoa huko mara nyingi ni hewa iliyonaswa kwenye nundu ya bomba, pale linapopanda kidogo kabla ya kushuka tena. Maji yanafika hapo yanasukumana na hewa, hewa inashinda. Panatakiwa pawe na vali ya kutolea hewa, na huenda ipo, imefukiwa au imeziba kutu. Kama haipo, fundi hulegeza kiungo pale juu, utasikia kelele kama ya nyoka, kisha matope, kisha maji. Ndipo akaze. Halafu muweke vali.

Lakini tatizo lenu kubwa umelitaja mwishoni. Kijiji kimoja niliitwa kwa shida kama hiyo. Tulichimba siku mbili, vijana sita, mashimo 14, hatukuona bomba. Siku ya tatu akaja mzee anaongoza ng'ombe, akatutazama kwa muda, akasema bomba lilipita upande wa pili wa mparachichi, ila mparachichi ulikatwa. Akatuonyesha kisiki. Tulilikuta kwa mapigo matatu ya jembe. Shirika lililojenga lilikuwa na mchoro mzuri wenye rangi, nilikuja kuuona kwenye kompyuta ya mtu mjini. Kijijini hapakuwa na hata karatasi moja.

Simenti tunayo, mchanga tunao, mikono tunayo. Kitu ambacho mhandisi anatuzidi nacho ni vipimo na mchoro. Akiondoka navyo, ametuachia bomba akaenda na macho yake.

Tumejengewa bure, sasa kamati inadai hela kila ndoo. Si ni wizi? (Mkulima, Mbarali)

Si wizi kama daftari liko wazi. Gati moja limepangiwa watu 250. Kwa lita 25 kila mtu, hizo ni ndoo 312 hivi kwa siku. Hata mkichangia shilingi 20 tu kwa ndoo, gati linaingiza zaidi ya shilingi 6,000 kila siku wakichota wote. Koki mpya haiwezi kuwashinda. Kinachowashinda ni kutojua hela ya jana iko wapi. Dai taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji. Chombo cha watumia maji kinawajibika kwenu, na RUWASA inakisimamia.

Fedha bila mtu wa kuzitumia nazo hazisaidii. Mhandisi mmoja wa shirika la Kanada alisimulia hadharani mwaka 2011 alichokiona Malawi, hapo jirani tu ukivuka Kasumulu: mabomba mapya ya mserereko yamekufa, na hatua chache pembeni kuna mabomba ya zamani ya mfadhili mwingine, teknolojia ile ile, nayo yamekufa. Hakuna aliyeuliza yale ya kwanza yalikufa kwa nini. Hapa kwetu, mradi wa Maji Matone ulioendeshwa kutoka Njombe uliwaomba wananchi watume ujumbe wa simu gati likiharibika. Walitarajia ujumbe 3,000, ukaja 53. Waliokuwa wakiuendesha walitoka wenyewe wakasema umeshindwa, na kwa hilo nawaheshimu. Watu wanaacha kuripoti wakishazoea kwamba wakiripoti hakuna anayekuja.

Huku kwetu ukichimba choo, masika shimo linajaa maji na kila kitu kinaelea. Wageni wanataka tuchimbe mita tatu. (Mwalimu, Kyela)

Mwalimu, wageni hao wametoka nchi kavu. Kyela msichimbe chini, pandeni juu. Jengeni msingi wa tofali ulioinuka, shimo fupi lililozibwa pembeni, ngazi tatu nne za kupandia. Sakafu ya shimo ikae angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Mahali isipowezekana kabisa, shimo liwe la kuzibwa chini na pembeni, na mjipange kulinyonya. Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwenye mafuriko kipindupindu hakibishi hodi.

Bomba la hewa lenye wavu juu lisisahaulike, inzi wanafuata mwanga wanakwama hapo. Na mwulizeni mama mwenye nyumba mlango uelekee wapi. Nimeona choo cha gharama kimegeuzwa stoo ya mpunga kwa sababu mlango ulitazama barabarani. Wazee wa mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, walichimba vyoo kwa kusikiliza redio kwenye vikundi, wakijadiliana. Majadiliano hayo ndiyo yanayokosekana.

Chanzo chetu kimezungukwa na milingoti (mikaratusi) ya mtu mkubwa. (Hakutaja jina, Mufindi)

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na bodi ya bonde inaweza kutenga eneo la kulinda chemchemi. Andikeni barua bodi ya bonde, nakala halmashauri. Ukubwa wake hauzidi kiu ya kijiji.

Nimemaliza uhandisi MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), sina kazi. Naweza kujitolea na hawa wageni? (Kijana, Mbeya)

Unaweza, na usiende kama mkalimani. Nenda kama mhandisi wa upande wetu, uombe upewe sehemu ya kusanifu, umwombe mhandisi aliyesajiliwa akusimamie ili ujue kama muda huo utahesabika kwenye mafunzo ya vitendo ya Bodi. Ukilipwa nauli na chakula tu kwa miezi mitatu, vumilia. Ikifika mwaka, hiyo imeshakuwa ajira bila mshahara, ondoka.

Wala usiende kwa unyonge. Miaka ya 1970 wahandisi wa wizara yetu walisafirisha maji kwa mabomba ya mianzi, kazi yenye makao yake hapa Iringa. Mchwa na kuoza viliwasumbua, dawa ya mchwa ikazua hofu yake, na plastiki ikashinda. Lakini waliothubutu walikuwa wa kwetu.

Wageni wetu wanaondoka Ijumaa. Tuwape zawadi gani? (Mtendaji wa kijiji, Rungwe)

Vitenge, mchele wa Kyela, chai ya Rungwe, na ndizi kwa ajili ya njiani. Ila Alhamisi, kabla ya ngoma, watembeeni pamoja na fundi wenu kuanzia kidakio kule chanzoni hadi gati la mwisho, kila vali ifunguliwe na kufungwa na mkono wa fundi, wao wakitazama. Mchoro uchapwe nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja RUWASA, moja shuleni kwenye kabati la mwalimu mkuu. Usikae nyumbani kwa mwenyekiti, wenyeviti hubadilika. Ya ofisini ibandikwe ukutani kwenye karatasi ya nailoni, panya wasiifikie.

Pombe ya kuaga iwe kidogo. Wanateremka mlima Kitonga usiku.