Aliyepewa bure anajua anadaiwa

Mmeuliza wiki hii kama kuna tofauti yoyote kati ya mtu anayeuza kanda ya tamasha aliyoirekodi bila ruhusa ya wanamuziki na yule anayewagawia wenzake bure. Najua wengi watawajibu kwamba wizi ni wizi. Mimi nasema tofauti ipo, tena kubwa, ila watu huitafuta mahali pasipo pake.

Nimezaliwa Mombasa, ya waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na ujana wangu ulipita miaka ya 1980 nikimbebea mjomba redio kaseti. Mjomba alikuwa fundi redio. Taarabu siku zile ilikuwa ya harusini, haina tiketi wala mlango wa kulipia. Mwenye harusi anapatana na mwimbaji, maturubai yanafungwa uwanjani, wanawake wanakaa mbele kwenye mikeka, sisi wanaume tunabanana nje. Mjomba akiwaamkia wapiga vyombo, kisha anaiweka redio yake chini ya spika, si karibu sana, maana ngoma ingepasua sauti. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini, kwa kuwa pale chini ya spika palikuwa na redio nyingine tatu au nne za watu wengine.

Kanda zetu zilikuwa za dakika 90, yaani 45 kila upande. Mwimbaji hajui habari ya upande. Ikifika dakika ya 45 wimbo uko katikati, na mimi ndiye niliyekaa na redio, kwa hiyo kila kanda ya mjomba ina tundu: sauti inakatika, inarudi baada ya sekunde kumi hivi, beti moja imekwisha kupita. Na kabla ya tundu, ukitega sikio, utamsikia mjomba akininong'oneza kwa hasira: "Geuza, we! Geuza!"

Kesho yake watu wanaanza kuja nyumbani. Desturi ilikuwa unakuja na kanda yako tupu, unaiacha, unarudi baada ya siku mbili kuichukua ikiwa imejaa. Mwenye kanda ya harusi nyingine anabadilishana. Mjomba hakupokea hata senti. Siku moja nilimwambia kwamba umeme tunalipa na vichwa vya deki vinaisha, tuwatoze kidogo tu. Akanijibu kwamba huyo mwimbaji anamjua, watakutana msikitini Ijumaa, na hataki kumkwepa macho.

Miaka michache baadaye nilikuwa napita sokoni, nikasikia wimbo kwenye kibanda kimoja cha kanda. Nikasimama. Wimbo ukakatika, na kabla haujakatika nikamsikia marehemu mjomba: "Geuza, we!" Kanda ilikuwa na karatasi iliyochapwa, picha ya maua, na jina la mwimbaji limekosewa. Kuna mtu tuliyemnakilia bure alikuwa amempa mtu, naye akampa mtu, hadi ikafika pale. Nilikasirika mpaka nikaona aibu, kwa sababu hasira yenyewe ilikuwa na haki gani? Sisi pia hatukumwomba mwimbaji ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ingekuwepo wakati ule, ingetukuta sote, sisi na mwuza kanda, maana humpa mwimbaji mwenyewe uamuzi wa kama onyesho lake lirekodiwe.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nilipofika ni hapa. Anayenunua kanda kibandani anajiona amelipa. Ametoa pesa, amepewa mali, biashara imekwisha, na moyoni mwake hana deni kwa mtu. Aliyepewa bure anajua anadaiwa. Mwimbaji akija kwenye harusi ya mtaani kwao atakwenda, na akienda atatuza.

Neno hili la kutuza ndilo kiini cha shauri zima. Katika kanda ya harusi unausikia utuzaji wenyewe. Mwanamke anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu mpaka jukwaani, vigelegele vinapanda, na mwimbaji anaurudia ule mstari uliomgusa, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sababu nyuma ya yule kuna mwingine na noti yake. Yaani urefu wa wimbo kwenye kanda umepimwa kwa pesa za watu waliokuwepo. Mwuza kanda amechukua wimbo uliorefushwa na noti za wengine, akaugeuzia njia ili noti zinazofuata ziingie mfukoni mwake. Mgawaji hakumwongezea mwimbaji kitu, sawa, lakini hakuuziba mfereji.

Tena kuna hasara nyingine ambayo mjomba alinieleza. Mwimbaji akitunga wimbo mpya anauimba kwanza harusini, auonje. Ukipendwa, anaupeleka kwa mwenye duka anayerekodi na kuuza kanda, wapatane bei. Sasa kama wimbo huo umekwisha kuzagaa sokoni kwa kanda ya wizi, mwenye duka ataununua kwa bei gani? Kanda ishirini za kugawiana mitaani hazimfikishi huko. Mia mbili za kuuza zinamfikisha.

Wamarekani waliwahi kulitatua hili kwa njia iliyonipendeza. Bendi ya Grateful Dead iliwaacha mashabiki warekodi, na kuanzia 1984 ikawatengea sehemu yao ukumbini na tiketi zao, wasimike maikrofoni bila kuwaziba wengine. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze. Na mashabiki wenyewe wakawa walinzi wa sharti hilo, wakali kuliko wakili yeyote. Asiye na kitu cha kubadilishana alituma kanda tupu na gharama ya posta, akarudishiwa zilizojaa. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana ni ile ile ya barazani kwa mjomba, tofauti ni stempu.

Upande wa pili kuna kisa cha mwanamuziki Phil Collins, aliyeimba California mwaka 1983, kisha rekodi ya onyesho lile ikauzwa Ujerumani bila idhini yake. Mahakama za Ujerumani hazikuwa na njia ya kumlinda kwa sababu yeye ni Mwingereza na onyesho halikufanyika kwao, mpaka 1993 Mahakama ya Ulaya ilipoamua kwamba hawawezi kumbagua raia wa nchi nyingine ya Jumuiya ya Ulaya. Miaka kumi baada ya onyesho! Na yule alikuwa Phil Collins, mwenye uwezo wa kuweka mawakili. Mwimbaji wetu angeanzia wapi?

Msinielewe kwamba mgawaji ni malaika. Mambo mawili yananisumbua, na la kwanza ni kwamba kanda zetu za bure nyingi zimekufa. Joto na chumvi ya pwani, ukungu mweupe kwenye utepe, watoto wakivuta ile plastiki kahawia wafungie tiara. Kitu cha bure hakitunzwi. Zipo nyimbo ambazo leo nazipata kwa sababu tu mwuza kanda fulani alikuwa na tamaa ya kuhifadhi kanda mama ili aendelee kunakili. Ni uchungu kukiri, lakini tamaa yake ilitunza kuliko mapenzi yetu.

La pili ni zito zaidi. Kanda ya harusi haina sauti ya mwimbaji peke yake. Ina sauti za wanawake waliovua mabuibui wakajiachia, wakijua wako baina yao. Katika kanda moja yetu mwimbaji anafikia beti la kijembe, na mwanamke mmoja karibu na spika anacheka kicheko kirefu, kisha anamtaja jirani kwa jina. Ni shangazi yangu. Kanda ilipokuwa ya kugawiana ilizunguka kwa watu waliokuwepo ama waliokuwa na jamaa waliokuwepo, ikawa utani. Ilipofika kibandani, ikapigwa sokoni kwa sauti kubwa mchana kutwa, jirani alisikia, na nyumba mbili hazikusemezana kwa muda mrefu. Shangazi hakumlaumu mwuza kanda. Alimlaumu mjomba aliyerekodi, na nadhani hakukosea.

Na siku hizi hata hilo neno bure linanitia shaka. Mtu anapandisha taarabu ya harusi kwenye YouTube, anaandika "kwa hisani ya wapenzi wa muziki", matangazo yanapita kabla ya wimbo na pesa zinamwingia. Msikilizaji hakutoa kitu, kwa hiyo anaamini amepewa. Huyo kwangu ni mwuza kanda aliyevaa kanzu ya mgawaji, na ni mbaya kuliko wa kibandani, ambaye angalau alikuwa na uso na meza.

Sanduku la mjomba ninalo mimi. Kanda zinazocheza bado ni thelathini na kitu. Mwaka jana nilizihamishia kwenye kompyuta, moja moja, nikazigeuza mwenyewe bila kunong'onezwa. Mjukuu wa yule mwimbaji alipata habari, akanipigia, nikampelekea flashi nyumbani kwao. Akaniuliza bei. Nikamwambia akae nayo, na kwamba mtu mwingine akitaka nitamtuma kwake. Tukaisikiliza pamoja, chai ikapoa. Alipousikia utuzaji alifunga macho. Kisha kikaja kile kicheko, na jina.

"Ami, huyu anayecheka ni nani?"

Nikamwambia sijui.