Muulize Mjomba: Nikifika muvu ya 12 naganda

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi ni kijana wa hapa Mtwara, Chikongola, niko duka la vifaa vya ujenzi. Chesi nimeanza mwaka jana kwenye simu na sa hivi jioni nacheza na mwalimu mmoja jirani yetu. Ufunguzi nimekariri, Gambiti ya Malkia naijua mpaka muvu ya 10 au 12, shida inaanza hapo, kete zimeshatoka zote, mfalme nimeshamficha pembeni, halafu naganda. Naanza kusukuma askari wa pembeni bora liende, mwalimu ananisogelea taratibu nashtukia nimeshafungwa. Video nimeangalia mpaka bando limekata. Hii sehemu ya katikati mtu anaisomaje? Nina kama saa moja kwa siku nikishafunga duka.
Mpwa wako, Chikongola

JIBU: Marahaba mpwa. Kwanza hizo video za ufunguzi ziweke pembeni mwezi mzima, hazina kosa ila wewe zimeshakutosha.

Umekulia Mtwara, lazima umewahi kusimama pembeni ya bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, chesi ina vyumba 64 na kete 32, sijui walipatanaje lakini ndo hivyo. Sasa kwenye bao wakati wa namu una kete zako 22 za akiba unaingiza moja moja, hata mtoto anaweza kukusumbua hapo. Zikiisha mkononi unaingia hatua ya mtaji, hapo ndo watu wanajulikana, maana kilichopo ni kile kilichopo ubaoni na lazima uhesabu. Wewe mpwa unanamua vizuri tu, mtaji ndo unakushinda.

Na unakushinda kwasababu ulikariri muvu bila kukariri sababu. Nikupe mfano wa kwangu mwenyewe. Kuna mzee mmoja Mikindani, karani mstaafu, alinifunga karibu miaka miwili kwa njia moja ile ile na mi sikujua kama ni njia moja. Nilikuwa kwenye huo huo ufunguzi wako nabaki na askari wa d4 (mstari wa herufi d, safu ya nne) peke yake, hana mwenzake kushoto wala kulia, yani hakuna askari wa kumlinda. Mzee anamleta farasi wake anakaa d5, mbele ya pua ya askari wangu, na pale hakuna askari wangu wa kumfukuza. Akishakaa anaanza kubadilishana kete, hii kwa hii, hii kwa hii, mpaka ubao unabaki mweupe na yule askari wangu anakuwa mzigo, anamla, basi. Mi nilikuwa nasema mzee ana bahati.

Siku nilipoelewa mambo yaligeuka. Ukiwa na askari pekee wa namna ile usikubali kubadilishana ovyo, maana nguvu yako iko kwenye wingi wa kete. Farasi wako mpeleke e5, ngome zako ziweke mistari ya c na e ambayo haina askari wako, mshambulie mfalme wake mapema, na ukipata upenyo huyo askari msukume d5 atoke kwenye matatizo. Ukiwa upande wa pili fanya alichofanya mzee: ziba, badilisha, kula. Ona sasa, mpangilio mmoja tu wa askari umekuambia kila kete iende wapi. Mfaransa Philidor, mchezaji mkubwa wa chesi, alishawaambia watu tangu karne ya 18 kwamba askari ndo roho ya mchezo, sisi tunawaona wadogo tunawasukuma tu.

Kwahiyo saa yako igawe hivi. Dakika 20 za mwanzo ni mafumbo ya kula na kunasa, kila siku, hata ukichoka. Lichess, tovuti ya chesi, ni bure na haina matangazo, mafumbo yamepangwa kwa aina, chagua aina moja kwa wiki usirukeruke. Dakika zilizobaki chukua mchezo mmoja wa mabingwa wenye huo mpangilio wa askari pekee, funika muvu zinazofuata kwa karatasi, ukifika muvu ya 12 anza kukisia. Andika kwenye daftari: ningecheza nini, na kwanini. Ndo ufunue. Mara nyingi utakosea, usijali, kinachokufundisha ni pale sababu yako ilipopishana na ya bingwa. Mchezo mmoja unaweza kukuchukua siku tatu na ni sawa kabisa, kumi kwa mpangilio mmoja inatosha kabla hujahamia mwingine.

Ukiwa unacheza na mwalimu na huoni cha kufanya, jiulize kwanza yeye anataka nini. Petrosian, aliyekuwa bingwa wa dunia 1963 mpaka 1969, alijulikana kwa hilo, anakuzuia kabla wewe mwenyewe hujajua unataka kushambulia. Kama hana la maana, tafuta kete yako iliyolala kuliko zote, uiamshe. Mmarekani Paul Morphy alicheza Paris mwaka 1858 na mabwana wawili wakubwa wanashauriana dhidi yake humo humo ukumbi wa opera, akawamaliza kwa muvu 17, mwishoni akatoa malkia. Watu wanakumbuka malkia. Mi nakuomba uangalie kete za wale mabwana, askofu na ngome vya upande wa mfalme havijatoka nyumbani mpaka mchezo unaisha!

Na punguza michezo ya dakika tatu. Cheza ya dakika 15 kwenda juu, ule wa haraka unakurudishia tabia zako zile zile.

SWALI: Mjomba mambo, mi fundi simu Lindi. Kila nikimaliza mchezo naweka Stockfish, ile programu ya chesi, inanikagulia, inaniletea namba mara 0.4 mara 0.7, nakuwa najiona nimekosea kila muvu. Nifuate zote?

JIBU: Usifuate zote utachanganyikiwa. Chukulia moja ni kama faida ya askari mmoja, hivo 0.4 kwa level yetu ni vumbi. Tafuta pale namba iliporuka ghafla, mbili, tatu. Hapo kuna kete uliacha inaning'inia au tishio hukuliona. Halafu kabla hujaangalia jibu la mashine kaa na ubao dakika 10 ulitafute mwenyewe. Nikuambie ukweli ambao watu hawapendi, wengi wetu tunasema tumezidiwa mbinu kumbe tumeacha farasi analiwa bure.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi niko Nachingwea, ubao sina na wa kucheza naye sina, wazee hapa ni bao na drafti tu na wananicheka na simu yangu.

JIBU: Marahaba. Ubao chora kwenye boksi, kete ni vifuniko vya soda, juu bandika karatasi uandike jina la kete, N ya ngome, F ya farasi, mfalme na malkia waandike kamili. Usicheke, nyumbani kwangu upo mmoja wa hivyo na ndo naupenda. Wazee usiwakimbie, kaa nao ujifunze bao, halafu siku moja omba mzee mmoja akupe mchezo mmoja wa chesi, mwambie farasi anaruka L. Wale wa drafti wanashika haraka sana kuona nini kinaliwa baada ya nini, kazi utaipata kwenye kuwazoesha kwamba hapa kula sio lazima.