Kupitisha masurufu kwa fomu ya mtandaoni: anza na wanaosaini

Chama chetu cha wakulima kina ofisi Mbeya mjini, mabwana shamba wake wako Tukuyu, Chunya na Mbarali, na meneja siku nyingi yuko barabarani kuelekea Makambako au Iringa. Kwa ofisi ya namna hii ombi la masurufu, yaani fedha ya safari anayopewa mtumishi kabla ya kuondoka, likiwa la karatasi ni mateso. Bwana shamba anajaza fomu Tukuyu, anamkabidhi konda wa Coaster, mtu anaipokea Kabwe, katibu muhtasi anaiweka mezani kwa meneja, na hapo inalala mpaka mwenye meza arudi. Mkulima wa viazi anayesubiri shamba lake likaguliwe hana habari na saini ya mtu. Anachokiona yeye ni mnyauko unaozidi kusambaa.

Sasa maombi hayo yanapita kwenye fomu ya mtandaoni, na kazi ya kuitengeneza ilikuwa yangu. Wenzangu wa vyama na SACCOS za jirani huniuliza kwanza tulitumia programu gani. Mimi nawaambia waanze kwingine kabisa: nani anaamua nini, na asipojibu inakuwaje. Hayo mawili yakiwa hayajakubaliwa, hakuna programu itakayowasaidia.

Toeni majalada ya hati za malipo, mzitandaze mezani, mtazame saini moja moja. Mtakuta karatasi ina nafasi tatu za saini wakati mwamuzi wa kweli ni mmoja. Wengine wanasaini kwa kuwa cheo chao kimepigwa chapa pale. Anayetakiwa kujua tu apelekewe taarifa, asiwekwe njiani. Halafu angalieni viwango vya fedha: safari ndogo iishie kwa msimamizi, kubwa zaidi iende kwa meneja, ya juu kabisa imfikie mweka hazina wa bodi. Viwango hivyo visiwe vya kubuni siku ya kutengeneza fomu. Viwe vile vilivyo kwenye kanuni za fedha za chama. Kama kanuni zimepitwa na wakati, bodi ikae izibadilishe na iandike muhtasari, ndipo fomu ifuate. Na meneja akiwa ndiye mwombaji, ombi limruke, liende kwa mtu mwingine. Mtu asijiidhinishie, hata kama ni nauli ya kwenda Uyole.

Panapoumiza zaidi ni kukaimu. Meneja anaumwa, yuko likizo, au yuko bonde ambalo simu inashika ukipanda mlimani tu. Katika ofisi nyingi dawa yake ni katibu muhtasi kupewa nywila ya bosi ili abonyeze kwa niaba. Tafadhali msifanye hivyo. Siku mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha, jina litakuwa la mtu ambaye hata hakuliona ombi hilo, na binti wa watu atabebeshwa mzigo usio wake. Njia iliyotufaa ni jedwali dogo lenye safu tatu: cheo, anayekishika leo, na anayekaimu. Fomu inasoma jedwali hilo kabla ya kutuma. Mtu akienda likizo, unabadilisha mstari mmoja na barua yake ya kukaimu inaingia kwenye jalada.

Kuhusu kimya, tumekubaliana hivi: siku mbili za kazi zikipita, mwidhinishaji anakumbushwa, zikipita nyingine mbili, ombi linakwenda kwa kaimu. Kwenye fedha kimya kisihesabiwe kuwa idhini kamwe. Ukumbusho huo lazima uutengeneze mwenyewe, na usipoutengeneza ombi litakaa tu. Power Automate, programu ya Microsoft ya kupitisha kazi kutoka hatua moja hadi nyingine, kwa mfano, huisitisha kazi inayosubiri idhini baada ya siku 30, na mwombaji anaweza asijue kwamba ombi lake limeshakufa.

Jambo jingine ni majibu. Programu nyingi huanza na mawili, kukubali na kukataa. Ongezeni la tatu: kurudisha kwa marekebisho. Bwana shamba aliyesahau kuandika siku za kulala hakustahili kukataliwa, na akikataliwa anaanza upya na kuvunjika moyo. Karibu na jibu pawe na nafasi ya maelezo, na kwa kukataa au kurudisha nafasi hiyo iwe ya lazima.

Fomu yenyewe iwe fupi: safari ya wapi, kwa kazi gani, tarehe, kiasi kilichogawanywa kwa nauli, malazi na chakula, na kama masurufu ya safari iliyopita yamerejeshwa. Sehemu ya kiasi ipokee tarakimu peke yake, maana mtu akiandika "laki na themanini" hesabu ya viwango itashindwa kufanya kazi. Kichwa cha baruapepe kibebe habari nzima, mfano "Masurufu – Rungwe – Sh 180,000 – tarehe 14 hadi 16", ili meneja aliyesimama stendi Mafinga aamue bila kufungua kurasa tatu kwenye simu.

Programu sasa. Kama bajeti hamna, Google Forms pamoja na jedwali lake la majibu na Apps Script, sehemu ya Google ya kuandikia maagizo ya kompyuta, zinatosha, mradi awepo anayeweza kuandika msimbo kidogo. Akaunti ya bure hutuma baruapepe kwa wapokeaji 100 kwa siku, na kila ukumbusho unahesabika. Ofisi inayolipia Microsoft 365 itumie Forms na Power Automate. Jotform ina mzunguko wa idhini uliokwisha kutengenezwa, unapanga kwa kuburuta visanduku.

Mweka hazina wetu ni mzee anayependa kalamu yake. Alinipigia: "Mwanangu, saini yangu iko wapi humu?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nakuletea uione." Nilichapisha ukurasa mmoja wenye jina lake, tarehe, saa na jibu alilotoa, nikamweleza kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini za kielektroniki. Aliusoma mara mbili, kisha akaomba kila robo mwaka achapishiwe orodha yote aipitie mwenyewe. Ombi zuri sana. Sasa ni utaratibu. Mkaguzi wenu pia aonyeshwe mapema, kabla ya ukaguzi, aseme anataka ushahidi wa sura gani.

Jedwali la majibu lisiachwe wazi kwa kila mtu kuhariri. Wawili wanatosha, tena mhasibu anayelipa asiwe mmoja wao. Msiulize namba ya NIDA wala chochote kisichohitajika kwenye ombi hilo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na inawahusu ninyi pia.

Anzeni na aina moja ya ombi katika wilaya moja. Bwana shamba asiye na mtandao apige simu ofisini ajaziwe, na fomu iandike nani alimjazia. Kisha wekeni tarehe ambayo baada yake mhasibu hapokei tena karatasi ya ombi hilo, hata ikiletwa na mwenyekiti.