Sauti inakatika upanga wa mwanga ukizungushwa
Ndugu yangu, nimeelewa kwamba bodi ya sauti ya bei nafuu (kibao cha saketi kinachotoa milio) uliyoifunga katika upanga wa mwanga wa kuchezea, kama ule wa filamu za Star Wars, uliojitengenezea hulia vizuri ukiushika tu, lakini hujizima na kujiwasha upya kila unapouzungusha kwa nguvu, nawe unauliza kama ununue bodi ghali. Usinunue kwanza.

Mara nyingi kasoro hiyo husababishwa na betri inayocheza ndani ya mpini na kuachana na springi yake, au na umeme unaoshuka ghafla taa na spika zinapouvuta kwa pamoja. Weka mita ya kupima volti kwenye nyaya zinazoingia katika bodi huku mwenzako akiutikisa upanga: betri moja ya lithiamu iliyojaa huonyesha takriban volti 4.2, na kipimo kikiporomoka, huenda kosa si la bodi. Hapa Mombasa hewa ya chumvi nayo huharakisha kutu, basi sugua miguso ya betri kwa msasa laini kabla ya kulaumu kingine. Hakikisha pia spika inalingana na bodi, kwani spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye bodi ya omu 8 huvuta umeme kupita kiasi.

Nyaya zilehemu kwenye kishikizo cha betri, kamwe si kwenye betri yenyewe, maana joto huweza kuilipua. Betri ikivimba au ikipata moto, acha kuitumia wala usiichaji tena. Umwone fundi wa elektroniki. Sauti ya bodi hizi, kusema kweli, haitakuwa laini sana hata ikitengemaa, ila kwa mchezo wa nyumbani inatosha.